Mwezi Mmoja wa Husuda

Kazi niliyodumu nayo kuliko zote maishani ni ile ya zahanati, na hata hiyo haikufika mwaka. Kabla yake niliuza vitumbua Morogoro, nikafua nguo za wanachuo, nikaolewa kwa wiki sita. Shule niliiacha darasa la saba kabla ya mtihani, si kwa umaskini wala kwa mimba kama watu wanavyopenda kusikia, bali kwa sababu lori la vitunguu lilikuwa linaondoka na dereva alikuwa na kiti kimoja kitupu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa viti vitupu.

Mafia nilifika kama mpishi wa wataalamu wawili waliokuja kuhesabu samaki ndani ya hifadhi ya bahari. Mchana kutwa walihesabu chini ya maji, jioni wakabishana idadi mezani, huku wanakula samaki ambao nadhani hawakumo kwenye hesabu. Walipomaliza wakaondoka, nami nikaona sina sababu ya kuondoka nao. Nilipanga chumba kwa mwanamke mmoja mkulima wa mwani, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Mumewe alikuwa na mke mwingine Baleni, kwenye mihogo na minazi, akawa anakaa huku wiki moja na kule wiki moja. Mwenye nyumba wangu alikuwa akimwita mwenzake "yule wa mihogo", na sijui yeye huko aliitwaje.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na vyumba vitatu, popo kwenye dari, na mkunga mmoja. Mkunga alikuwa mama wa makamo kutoka Iringa, mlokole, ambaye kila Januari aliapa kuomba uhamisho na kila Februari alikuwa bado yupo. Alishazalisha nusu ya watoto waliokuwa wakipiga kelele nje ya dirisha lake, na aliwafukuza kwa haki hiyo.

Kisha ikaja tableti. Barua iliyotangulia iliiita kishikwambi, neno ambalo hakuna aliyelitumia mara ya pili. Wanawake waliiita kioo. Vijana wawili wa mradi, waliovaa fulana za kufanana, walieleza kwamba tangu sasa kila mjamzito ataingizwa humo: umri, uzito, presha, uzazi uliopita, tarehe ya hedhi ya mwisho. Kioo kitahesabu wiki chenyewe, kitapanga siku za kliniki, na mama mwenye hatari akikaribia wakati wake wa kwenda hospitali ya Kilindoni, kitalia. Walitusikilizisha mlio wenyewe. Ulikuwa kama wa nyenje.

Mkunga alikwenda mafunzoni siku tatu, akarudi na begi jipya na hasira. Alisema vidole vyake vimezoea kutafuta kichwa cha mtoto, havitaanza leo kutafuta herufi. Mimi hapo nilikuwa nimeshajulikana kijijini kama mtu wa kurekebisha simu, kazi niliyojifunza kwa kuharibu zangu. Ndivyo nilivyopata kazi. Niliwekwa kwenye kiti nyuma ya pazia la khanga, yeye awapime na kuwauliza, mimi nibonyeze. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa takwimu, na kilikuwa kikubwa kuliko sehemu niliyokalia.

Kwanza niliapishwa nisitoe siri za watu. Mkunga alileta Biblia. Mhudumu wa zahanati, mwanamke wa pale pale kijijini aliyefagia, kuchemsha vyombo na kujua habari za kila nyumba, akasema Biblia pekee haitawatuliza wanawake, akaenda kuleta msahafu. Nikaapa kwa vyote viwili, ingawa hakuna hata kimoja nilichowahi kukimaliza.

Kabla ya kioo, mkunga alikuwa na daftari lake. Lilikuwa kubwa, jalada limeliwa na mende, na ndani kila kitu kimeandikwa kwa penseli ili kiweze kufutika. Pembeni alichora mwezi: mpevu, nusu, mchanga. Hakuwa mnajimu. Wanawake wa mwani hawaji kliniki siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa sababu ndizo siku pekee za kufika kwenye kamba zao za mwani. Mkunga aliwapangia siku za maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, wakaja wote. Kioo kilipanga kila baada ya wiki nne bila kuuliza bahari, kisha kikawaandika wanawake kwa wino mwekundu kwamba ni watoro. Mwezi wa kwanza tulikuwa na watoro watupu. Mkunga alicheka mpaka akakaa. Lakini amri ilikuwa imekuja kwamba kuandika mara mbili ni kupoteza muda, basi akalifungia daftari kabatini, na ufunguo akautia kwenye mkoba wake wa kanisani.

Mwenye nyumba wangu alipokuja kujiandikisha, nilimtambua kwa sauti tu. Mimba yake ya tatu. Ya pili alizaa kwa kisu, Kilindoni, na mkunga alishamwambia zamani kwamba mwenye kovu kama lake haruhusiwi kuusikia uchungu akiwa kijijini, kovu likiachia huko hakuna wa kumshona. Akaulizwa hedhi ya mwisho. Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nje, kwamba ilikuwa siku mbili baada ya mwezi kuandama, mwezi ule waliovuna kwa mvua. Mkunga akakohoa kidogo. Mimi nikatafuta tarehe, nikabonyeza. Nilijivunia hata. Wengine wote nao niliwaandika hivyo hivyo, kama walivyosema. Niliamini kwamba mtu hamdanganyi muuguzi wake, imani ambayo sijui niliitoa wapi, maana mimi mwenyewe nimewadanganya wauguzi wa mikoa minne.

Mkunga hakuwahi kukitazama kioo. Alitazama matumbo, akapapasa, akajua. Alipofika wakati wa kuchukua likizo yake pamoja na zile alizolimbikiza, wiki sita kwa jumla, aliniita kando.

"Huyo mwenye nyumba wako asipitishe wiki ya thelathini na sita hapa. Afunge mzigo, akakae kwa shangazi yake Kilindoni angoje huko."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kioo kitalia.

"Haya," akasema. "Na wewe ulie pamoja nacho."

Aliyekuja kumshikia nafasi alikuwa kijana muuguzi, mgeni wa kisiwa kama mimi, mpole, mwenye viatu safi kupita kiasi. Yeye alikipenda kioo. Alikifuta kwa kitambaa cha miwani. Wiki ya nne ya kukaa kwake, mama mmoja akajifungua, na kioo kikasema mtoto amezaliwa kabla ya wakati kwa mwezi mzima. Kijana akaingiwa na hofu ya kitaaluma. Akamwagiza mama amfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama njiti wanavyotunzwa. Mtoto mwenyewe alikuwa na kilo tatu na nusu, mashavu yamefunika pua. Mama yake akamfunga, akalalamika kwamba njiti huyu akimlalia vizuri atamvunja mbavu.

Siku tatu baadaye akaja njiti wa pili, naye mnene. Kisha wa tatu, aliyezaliwa na kucha ndefu hata akajikwaruza. Kioo kilipeleka habari zote Kilindoni bila kutuuliza, na Kilindoni ikapiga simu. Bosi wetu wa huko alitaka kujua kuna nini kijijini, maji ya kisima au chakula. Habari ikatoka nje, na kijiji kikapata jibu kabla yetu: ni hifadhi. Hifadhi ilikuwa imekataza nyavu za kukokota, imekataza kuchimba matumbawe, sasa imekataza na mimba zisifike miezi tisa. Mzee mmoja alitaka suala hilo liingizwe kwenye ajenda ya kikao.

Mimi nilikuwa nakaa na wale njiti nawatazama, na kitu kilinikera. Sikusoma sana lakini nimezunguka sana, na njiti nimewaona. Hawafanani na maandazi. Mhudumu alikuwa anapiga deki, nikamuuliza, nusu kwa mzaha, kama kweli hawa wametangulia.

Akaegemea fagio lake.

"Wametangulia kwa nani? Kwa kioo chenu?"

Nikamwambia ndiyo, kioo kinahesabu kutokana na tarehe walizotaja mama zao.

"Na nyie mmeziandika vile vile?"

Hapo akaanza kucheka, cheko la chini chini lililomtoa machozi, akajifuta kwa ncha ya ushungi. Aliponieleza, alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Mwanamke wa pale hataji mwezi wake wa kweli mbele za watu. Anausogeza mbele mwezi mmoja. Mwenye husuda naye anahesabu; basi mpe hesabu mbovu, ajiandae kwa siku isiyo yake, na siku yake ikifika akute mtoto ameshanyolewa nywele. Mama zao walifanya hivyo, bibi zao walifanya hivyo. Na benchi la zahanati ndipo penye masikio mengi kuliko pote kijijini.

"Mkunga anajua?"

"Mkunga hupunguza. Ukimtajia mwezi anakohoa, anaandika wake."

Nilikumbuka kile kikohozi. Nilikumbuka nilivyodhani ni vumbi. Kisha nikakumbuka nani mwingine nilimwandika nikiwa nimekaa nyuma ya pazia. Nikafungua kioo. Mwenye nyumba wangu: wiki ya thelathini na nne. Mlio wa nyenje ulikuwa bado wiki mbili. Nikaongeza mwezi kwa vidole, kwa sababu kichwa kilikataa. Thelathini na nane. Wiki mbili zilizopita alitakiwa awe kwa shangazi yake Kilindoni, na asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu akijifunga kibwebwe kwenda pwani.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu ile ndoa ya wiki sita. Ilikuwa bamvua, bahari imejiondokea mbali, na wanawake wameinama kwenye vigingi vyao kila mmoja na kamba zake. Nilimkuta maji ya magotini, mkono mmoja umeshika kigingi, mwingine uko kiunoni.

"Una miezi mingapi wewe?" nikamuuliza.

"Kioo chako kinasemaje?"

"Kioo nimekiacha. Nakuuliza wewe."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wenzake wote ghafla walikuwa na kazi nyingi sana, migongo imeinama, masikio yamesimama. Akaokota kikapu chake, akanipita.

"Twende nyumbani."

Njiani alisimama mara mbili. Mara ya pili alilishika bega langu, na alama za vidole vyake nilikaa nazo siku mbili. Nikauliza ni nini, akasema mgongo. Nikauliza tangu lini.

"Tangu alfajiri. Maji hayamngoji mtu aumwe kwanza."

Nilimwuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini hakwenda Kilindoni ilhali alijua hesabu yake mwenyewe. Akanitazama kama ninavyotazama simu iliyoingia maji.

"Mimba zote mbili mkunga ndiye aliyeniambia, sasa funga mzigo. Nikangoja niambiwe. Nilidhani mnajua. Shule gani ulisoma wewe, usiyejua kupunguza mwezi?"

Shule yenyewe ilikuwa lori la vitunguu.

Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa kaskazini. Lililokuwepo ni kanta la mnunuzi wa mwani, limeshapakia, dereva anakunywa chai. Tulimpandisha juu ya magunia ya mwani. Kijana muuguzi akapanda naye, ameshika mkono wake kwa mkono mmoja na kioo kwa mwingine, viatu vyake kwa mara ya kwanza vimechafuka. Mimi nilikaa upande wa kichwa. Kila uchungu ulipokuja alifumba macho na kuvuta uradi. Ulipoondoka aliyafumbua na kutazama mahali alipolala. Mahali fulani njiani akapapasa gunia lililo chini yake, akalibonyeza.

"Huyu kauza mchanga," akasema. Na uchungu ukarudi.

Tulifika Kilindoni jua la saa sita. Kijana alikuwa ameandika rufaa, na kwa uaminifu wake aliandika kama kioo kilivyosema: mimba ya wiki thelathini na nne, kovu, uchungu umeanza mapema. Muuguzi wa hospitali akasoma, akasema kama ni hivyo daktari atajaribu kwanza kuuzuia uchungu, mtoto apate siku za kukomaa. Tulikuwa ukumbini, watu wamejaa kwenye mabenchi. Akamgeukia mwenye nyumba wangu kuhakikisha.

"Mama, mimba bado mwezi na zaidi, sivyo?"

Nilimwona akigeuza macho kuelekea benchi la pili. Pale alikaa mwanamke wa Baleni aliyekuja kuuguza mtu, na baadaye nilijua kwamba ni dada wa yule wa mihogo. Alikuwa ameacha kumenya chungwa lake.

"Bado," akasema mwenye nyumba wangu, meno yamekazana. "Bado mwezi mzima."

Mimi ni mwongo mwenye uzoefu, na naheshimu uongo wa mtu mwingine. Ule ulikuwa uongo mzuri, umetunzwa na vizazi vya wanawake wenye akili, na haukuwa na kosa lolote isipokuwa ulikuwa umefika mahali ambapo hakuna wa kukohoa.

"Si kweli," nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mimba imetimia. Alitaja mwezi mmoja mbele, wote wanafanya hivyo. Ana kovu, na uchungu anao tangu alfajiri."

Mwenye nyumba wangu hakunitazama. Muuguzi alimpapasa tumbo, akapitisha futikamba, akalitazama tumbo tena badala ya karatasi, akaita machela.

Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu na robo, na alitoka analia kama mwenye madai. Daktari alituambia baadaye kwamba pale kwenye kovu pamebaki pembamba kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta. Wangeanza kuuzuia uchungu na kungoja, matokeo yake asingependa kuyaeleza. Kijana muuguzi alikaa chini ukumbini, pale pale sakafuni, akakizima kioo.

Siku ya tatu nilimpelekea mwenye nyumba wangu uji. Alikuwa amempaka mtoto wanja mpaka nyusi zimekutana, na amemfunga hirizi mbili. Akanywa uji wote, akarudisha kikombe, ndipo akasema.

"Tarehe kuikosea nimekusamehe, hukujua. Lakini umesimama ukumbini ukaitangaza mimba yangu mbele ya watu wa Baleni."

Nikamwambia ningenyamaza angekufa.

"Najua," akasema. "Ungeweza kunong'ona."

Nimelifikiria hilo miaka mingi, na ni kweli. Ningeweza kunong'ona.

Mkunga aliporudi hakunigombeza, jambo baya zaidi. Alitoa ufunguo kwenye mkoba wa kanisani, akafungua kabati, akatoa daftari, akaniketisha nibonyeze huku yeye anasoma, waliomo kutoka humo na wasiokuwemo kutoka kichwani, jina baada ya jina. Huyu hupunguzwa mwezi. Huyu nusu mwezi, mwoga tu. Huyu ni mke wa mwalimu, wa bara, hadanganyi, hana akili hiyo. Tulimaliza kwa siku mbili. Kisha tukawapigia simu vijana wa fulana, na nilitarajia watabisha, lakini walikuja, wakakaa, wakauliza maswali mazuri. Waliongeza sehemu ya pili kwenye kioo: tarehe aliyoitaja mama, na chini yake tarehe ya mkunga. Kioo kikawa kinahesabu kwa ile ya chini. Siku za kliniki nazo waliziachia, mkunga akazirudisha kwenye maji mafu, na watoro wakaisha. Tangu hapo kililia kwa wakati. Kwa muda. Mhudumu, ambaye hakuapa kwa kitabu chochote, aliwaeleza watu kwamba sasa kioo kinapunguza mwezi, na baada ya hapo wapo waliotaja miezi miwili mbele. Mkunga akawa anakohoa mara mbili.

Siku arobaini zilipokwisha, mwenye nyumba aliniambia kwa adabu kwamba chumba changu anakihitaji. Mtoto alikuwa na mafua, na mafua hayo yalianza siku dada wa yule wa mihogo alipokuja kumwona. Sikubishana. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza habari za vyombo vya kwenda bara, na kusikia kwamba Kilwa wanatafuta mtu anayejua tableti.

Jioni nilimkuta uani anamwogesha mtoto kwenye beseni. Majirani wawili walikuwepo, wanachambua dagaa. Akaniuliza, bila kuinua macho, chombo changu kinaondoka lini.

"Kesho kutwa," nikasema.

Akammwagia mtoto maji mgongoni, taratibu, kopo moja, kisha la pili. Akakohoa.

"Basi usiku huu nitakukaangia samaki wa njiani," akasema, "na kesho asubuhi nitakuamsha mapema."